Vifaranga wa sato wanatema chakula: je, mbinu za kulea watoto wa samaki wa bahari zinaweza kutusaidia huku Kigoma?

Mfugaji wa Ilagala

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Ilagala, mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kulea vifaranga wa samaki kwa mikono yao, kwa sababu maelezo niliyoyapata mpaka sasa yametoka kwa wauzaji, na kila muuzaji ana dawa yake.

Mwaka 2024, ziwa letu lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nilikuwa mtu wa dagaa tu, sina shughuli nyingine. Miezi mitatu ile ndiyo iliyonifundisha kwamba familia haiwezi kutegemea maji ambayo siku moja yatahitaji kupumzishwa, nikaanza kuchimba bwawa. Sasa bwawa lipo, lina mita 20 kwa 15, na nimeweka humo vifaranga 3,000 wa sato waliosafirishwa kutoka mbali katika mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Nimewafungia ndani ya kizimba cha neti kilichosimamishwa katika bwawa hilo, ili ndege na vyura wasiwamalize kabla hawajapata nguvu.

Hii ni wiki ya nne tangu wafike. Juzi nilipima vifaranga 100 kwa pamoja, wakawa gramu 50, yaani wastani wa nusu gramu kila mmoja, lakini wastani huo unaficha mambo, kwa sababu wapo wanaofikia pingili mbili za kidole changu na wapo wasiozidi mbegu ya tikiti maji. Chakula ninachowapa ni dagaa waliosagwa, pumba za mahindi na mashudu ya mawese, kopo moja saa kumi na mbili asubuhi na kopo moja saa kumi na mbili jioni.

Jana niliwachota vifaranga kumi na wawili nikawaweka katika bakuli jeupe la plastiki, nikadondosha chembe chache za chakula. Watatu walizifuata, wakazishika, wakazitema, wakazifuata tena na kuzitema tena, mpaka chembe zikalainika na kusambaratika majini. Waliobaki walikaa pembeni, vichwa vimeelekea ukingoni, kana kwamba hakuna kilichodondoka. Nilikaa pale karibu nusu saa nikiwatazama, na nikiri kwamba nilihuzunika.

Muuzaji mmoja ameniletea chupa isiyo na maandishi yoyote, akisema ni dawa ya kuongeza hamu ya kula. Ndugu yangu mwingine aliyewahi kuishi pwani ananiambia kwamba wanaolea watoto wa samaki wa bahari huwasha taa hadi usiku, huyageuza maji kuwa ya kijani, na hukipa chakula harufu ya ngisi, na kwamba samaki hukua upesi mno. Je, mambo hayo ni ya kweli, na je, nikiyafanya hapa Ilagala yatawasaidia sato wangu?

Fundi wa Katonga

Ndugu yangu wa Ilagala, pole kwa wasiwasi, na hongera kwa lile bakuli jeupe, kwa maana wengi huomba ushauri kabla hata hawajawatazama samaki wao wakila. Mimi nililea watoto wa samaki wa bahari huko pwani kwa miaka kadhaa, hasa mwatiko, kabla ya kurudi nyumbani Kigoma, kwa hiyo swali lako linanigusa pande zote mbili.

Nianze na ulichokiona, kwa sababu katika bakuli lako kuna matatizo mawili na wewe umeyaandika kama moja. Kifaranga anayekifuata chakula, akakishika na kukitema, ana hamu: amekiona, amekinusa, amekitamani, ila kinywa chake kimekikataa, ama kwa sababu chembe ni kubwa au ngumu kuliko anavyoweza kumeza, ama kwa sababu ladha yake ni mbaya, kwani samaki ana vionjeo vya ladha mdomoni kama sisi na huonja kabla ya kumeza. Kifaranga asiyekifuata kabisa ana shida nyingine: maji ni ya baridi, au hewa ni haba, au anawaogopa wakubwa zake, au ameshadhoofika. Dawa ya hamu, hata ingekuwa ya kweli, haitibu hata moja kati ya hayo. Chupa isiyo na maandishi usiitie katika maji yenye samaki utakaokula na kuuza.

Sasa kuhusu bahari. Aliyokuambia ndugu yako ni kweli, lakini kila jambo kati ya hayo lina sababu yake, na sababu hizo zinatokana na udogo wa mtoto wa samaki wa bahari. Yai la mwatiko lina kipenyo cha milimita moja na kitu, huelea lenyewe baharini, na huanguliwa baada ya takribani siku moja. Anayetoka humo ana urefu wa kama milimita tatu na nusu, macho yake bado hayana rangi, kinywa hakijafunguka, na anaishi kwa akiba ya kiini cha yai aliyoibeba tumboni. Siku mbili au tatu baadaye kinywa hufunguka na macho huwa meusi, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa kuwa akiba imekwisha na lazima ajitafutie. Asipopata mlo wa kwanza kwa wakati, hufika mahali ambapo hata ukimzingira na chakula hawezi tena kula, kwani hana nguvu ya kukifuata. Tulikuwa tukiwaona wakielea karibu na uso wa maji, weupe, wembamba kama uzi, na hakuna tulichoweza kuwafanyia.

Mtoto huyo hawezi kula unga. Tumbo lake la kusaga chakula halijakamilika, na jicho lake huvutwa na kitu kinachotikisika. Ndiyo maana hupewa kwanza rotifa, kiumbe hai mwenye ukubwa kati ya milimita 0.1 na 0.3, kisha, kinywa kikipanuka, hupewa atemia, yaani kamba wadogo sana wa maji ya chumvi, waliotoka kuanguliwa, ambao wana karibu nusu milimita. Unga huingizwa pole pole, ukichanganywa kwa siku kadhaa na viumbe hai, mpaka samaki azoee kula kitu kisichotembea. Wakati huo wa kumwachisha ndio unaopoteza wengi, kama ilivyo kwa mtoto anayeachishwa ziwa kwa pupa.

Maji ya kijani hutokana na mwani mdogo sana unaotiwa ndani ya tangi. Huwalisha rotifa wasidhoofike kabla hawajaliwa, na huusambaza mwanga ili windo lionekane vizuri mbele ya jicho changa. Taa huongezwa kwa sababu watoto wengi wa samaki wa bahari huwinda kwa macho, na gizani hawali. Harufu ya ngisi au ya kamba nayo hufanya kazi kwa njia inayoeleweka: nyama za viumbe hao zina asidi amino huru, yaani vijenzi vya protini, na kitu kiitwacho betaini, ambavyo huyeyuka majini upesi na kumfikia samaki kabla chembe yenyewe haijamfikia. Hutumika zaidi pale mtu anapomhamisha samaki kutoka chakula hai kwenda chakula kikavu, au anapopunguza unga wa samaki na kuongeza soya, jambo linalopunguza utamu wa chakula.

Kila asubuhi, kabla ya kufanya jambo lolote, tulichota watoto wachache katika glasi na kuinua glasi kwenye mwanga. Mwili wao hupenya nuru, kwa hiyo tumbo husema lenyewe. Waliokula atemia huonekana na mstari wa rangi ya chungwa chini ya uti wa mgongo, wasiokula ni weupe kabisa. Tulihesabu kumi, na ikiwa chini ya wanane walikuwa na tumbo lililojaa, tulianza kutafuta kosa letu. Kipimo hicho hakihitaji mashine, na bakuli lako jeupe ni ndugu yake.

Sato hakuzaliwa hivyo. Mayai yake ni makubwa zaidi, mama huyalea kinywani mwake, na kifaranga anapoanza kujitegemea ana tumbo na kinywa vinavyoweza kupokea unga mkavu tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo huhitaji rotifa wala atemia wala taa. Linalokufaa kutoka bahari ni ile nidhamu: kukipima chakula kwa kinywa, kukitoa kidogo kidogo mara nyingi, kukitoa maji yanapokuwa tayari, kuwatenga wakubwa na wadogo, na kulitazama tumbo kila siku.

Chembe isizidi nusu ya upana wa kinywa kikiwa wazi, na robo yake ni bora zaidi. Kwa samaki wako wa nusu gramu nakushauri upitishe chakula katika chekeche la unga, halafu kilichopita ukipitishe katika chujio la chai. Kinachopita chujio wape wadogo, kinachobaki juu ya chujio wape wa kati. Kuhusu kiasi, fanya hesabu pamoja nami: vifaranga 3,000 mara nusu gramu ni gramu 1,500. Kwa ukubwa huo, asilimia 12 ya uzito kwa siku inatosha, yaani gramu 180, ambazo ukizigawa katika milo sita zinakuwa gramu 30 kwa mlo. Tafadhali pima hilo kopo lako kwa mizani uniambie linabeba gramu ngapi, kwa maana nina shaka nalo.

Kuhusu muda, saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote kumlisha samaki wa bwawani. Usiku kucha mwani na samaki wamekuwa wakivuta oksijeni bila jua la kuirudisha, na maji yamepoa. Sato hula vizuri katika nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi, na kadiri maji yanavyoshuka kuelekea 20 hamu yake hufifia. Pima joto saa kumi na mbili, saa nne na saa tisa kwa siku mbili. Ukipata nafasi ya kuja mjini, waulize wataalamu wa FETA, chuo cha uvuvi pale Kibirizi, au wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, namna ya kupima oksijeni, kwa kuwa chini ya miligramu 4 kwa lita samaki huanza kuacha kula kabla hajaanza kuhema juu ya maji.

Mama Samaki wa Igunga

Shikamoo, Fundi. Nami nawasalimu nyote kutoka Igunga, Tabora. Sisi huku hatuna ziwa, tuna malambo na mabwawa yanayokauka, lakini tuna Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji cha Mwamapuli ambacho kimewafanya wengi wetu tuthubutu. Nimefuga kambale kwanza, kisha sato.

Naomba niongeze kuhusu dagaa, kwa sababu Fundi ameutaja utamu wa chakula bila kuutaja ubaya wake. Ndugu wa Ilagala, dagaa wako walianikwa wapi? Dagaa walioanikwa mchangani husagwa pamoja na mchanga, nawe unamlipia mwenye mashine kusaga mchanga, halafu kifaranga anakutemea. Mimi niliwahi kuweka kiganja cha unga wa dagaa katika glasi ya maji, nikakoroga na kuuacha utulie, na chini kukabaki safu ya mchanga yenye unene wa sarafu. Tangu siku hiyo nanunua walioanikwa kwenye vichanja, ijapokuwa bei iko juu. Tena nusa: mafuta ya dagaa wa siku nyingi huchacha, na chakula kilichochacha hupunguza hamu na kuharibu vitamini. Pumba nazo zisiwe na ukungu hata kidogo, kwani sumu ya ukungu wa mahindi humdumaza samaki bila kumwua, na mfugaji huendelea kulisha akidhani ana mbegu mbaya.

Huku kwetu mashudu ya pamba ni rahisi kupatikana, na niliyatumia kupita kiasi nikajuta, kwa sababu yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, ambayo kwa wingi humrudisha samaki nyuma. Soya ni nzuri, lakini ikaangwe au ichemshwe kwanza, kwa maana ikiwa mbichi huzuia usagaji wa protini tumboni.

Jambo la pili ni maji ya kijani. Fundi ameyaeleza kama jambo la bahari, lakini kwa sato wa bwawani naona yanasaidia sana, kwa kuwa wao wenyewe huyachuja na kuyala pamoja na wadudu wadogo waliomo. Weka samadi ya kuku iliyokauka ndani ya gunia, lifunge kona moja ya bwawa, na baada ya siku kadhaa ingiza mkono wako majini: ikiwa kiganja kinapotea machoni maji yanapokaribia kiwiko, rangi inatosha. Mimi pia huning'iniza taa ya sola juu ya bwawa usiku ili wadudu waanguke na kuliwa.

Fundi wa Katonga

Marahaba, Mama. Kuhusu mchanga na ukungu umesema yote, na ninaona haya kwamba sikuanza na hayo, kwani anayetoka Katonga, penye mwalo wa dagaa, hana udhuru wa kuwasahau.

Kuhusu maji ya kijani nakubaliana nawe, na nilipaswa kutofautisha. Baharini mwani ule wa tangini ni kwa ajili ya windo na mwanga. Bwawani mwani ni chakula chenyewe cha sato. Hata mwatiko, akishavuka utoto, hulishwa kwa njia inayofanana na yako: wafugaji wa pwani huacha maji kidogo juu ya sakafu ya bwawa, hutia mbolea, na jua huotesha utando wa mwani na viumbe wadogo ambao vifaranga huuchunga kama mbuzi wachungavyo majani. Ila rangi ikizidi, ukipoteza kiganja kabla maji hayajafika hata nusu ya njia ya kiwiko, acha samadi mara moja, kwa sababu mwani huohuo utawanyima samaki hewa alfajiri.

Kuhusu taa siafikiani nawe, kwa hawa wadogo. Taa huita wadudu wa kuliwa, lakini huita pia mende wa maji na jamaa zake wanaoruka usiku kutafuta maji, na hao hawaji kuliwa na kifaranga wa nusu gramu, wanakuja kumla. Kwa samaki wa gramu 50 na kuendelea, taa yako ni faida tupu. Kwa kizimba cha vifaranga iondoe.

Nitaje pia mashudu ya mawese, kwa maana kwetu Kigoma ndiyo yaliyo karibu na mkono. Yana nyuzinyuzi nyingi na kifaranga hafaidiki nayo. Yahifadhi kwa samaki wakubwa. Mafuta ya mawese yenyewe ni habari nyingine. Samaki wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kama sato anaweza kuchukua mafuta ya mimea na kujitengenezea sehemu ya mafuta ya omega-3 ndefu anayoyahitaji, mradi malighafi yake imo katika chakula, na mawese yana kidogo sana ya malighafi hiyo, kwa hiyo dagaa lazima wabaki. Samaki wengi wa bahari hawawezi kujitengenezea kiasi cha kutosha, lazima wapewe moja kwa moja kutoka kwa samaki, mwani au mafuta ya samaki. Kwa sababu hiyo atemia, ambao kwa asili wana upungufu wa mafuta hayo, hulishwa kwanza mchanganyiko wenye mafuta ya samaki kwa saa kadhaa kabla ya kuwa chakula cha wengine. Ukiruka hatua hiyo, watoto hula na kushiba, matumbo ya chungwa kabisa, halafu siku unapowahamisha kutoka tangi moja hadi jingine wanakufa kwa mshtuko. Nimeliona hilo, nao walikuwa wamekula vizuri kuliko wote.

Mfugaji wa Ilagala

Nawashukuru sana, Fundi na Mama. Nimefanya vipimo na majibu yamenitia aibu, lakini nayaweka hapa yalivyo ili mwenzangu mwingine asirudie.

Kopo langu likijazwa linabeba gramu 400. Kwa hiyo nimekuwa nikitia gramu 800 kwa siku mahali palipohitaji 180, na sehemu kubwa imekuwa ikizama na kuoza chini ya kizimba. Nilipoinua neti, upande wa chini ulikuwa umezibwa na utelezi mweusi wenye harufu kali, na maji hayakuwa yakipita. Joto la saa kumi na mbili asubuhi lilikuwa nyuzi 22, saa nne 26, saa tisa 29. Dagaa wangu ni wa mchangani. Kipimo cha glasi kimeonyesha.

Maswali yangu mawili ni haya: nawatengaje kwa ukubwa bila kuwaumiza, na nifanyeje ili chembe zisisambaratike kabla hawajazimeza?

Fundi wa Katonga

Usione aibu, ndugu yangu. Kuzidisha chakula ndilo kosa la mfugaji anayewapenda samaki wake, na kwa kifaranga lina madhara mawili: chakula kinachooza hutoa amonia na kula oksijeni, kisha samaki hukataa hata kile kizuri unachomletea. Safisha neti leo, na uisafishe kila wiki.

Kuhusu kutenga, fanya asubuhi siku ambayo hujawalisha, kwa sababu samaki mwenye tumbo tupu huvumilia kushikwa. Tafuta vipande viwili vya neti ya plastiki yenye matundu tofauti, utengeneze vikapu viwili. Kikapu chenye matundu makubwa kikae ndani ya maji, uwamiminie humo. Wadogo watapita wenyewe, wakubwa watabaki. Rudia kwa kikapu cha pili. Usiwainue nje ya maji, na usiwaache juani.

Kutenga huku kwa sato ni suala la ushindani wa chakula zaidi, ila kwa samaki wengine ni suala la uhai. Barramundi, samaki wa Asia na Australia anayefugwa baharini na ambaye ni wa jenasi moja na sangala wetu, akiwa mdogo humeza ndugu yake hata mwenye theluthi mbili ya urefu wake, kwa hiyo wafugaji wake huwapanga kwa ukubwa kila baada ya siku chache. Anayemfahamu sangala hatashangaa.

Kwa chembe zinazosambaratika, chukua unga wa muhogo, uupike uji mzito, uuchanganye na mchanganyiko wako mkavu ungali na uvuguvugu, kiasi cha sehemu moja ya unga wa muhogo kwa sehemu kumi za mchanganyiko. Pitisha katika mashine ya kusagia nyama, anika kivulini, kisha twanga polepole na uchekeche kama nilivyoeleza. Na kwa kuwa uliuliza kuhusu harufu ya ngisi: unapopika uji huo, tumia maji uliyochemshia dagaa badala ya maji matupu. Humo mna asidi amino zilezile zinazotafutwa baharini, nawe huna haja ya kununua chupa ya mtu.

Mama Samaki wa Igunga

Nami nasisitiza: mlishe sehemu ileile na saa zilezile, nawe gonga ubao wa kizimba mara mbili kabla ya kumwaga. Wiki haitaisha kabla hawajakuja juu kwa mlio tu, na siku watakapokataa kuja utajua kuna jambo majini kabla hujapima chochote.

Mfugaji wa Ilagala

Narudi baada ya siku kumi. Neti ni safi, dagaa ni wa kichanja, chakula nimekifunga kwa uji wa muhogo uliopikwa kwa maji ya dagaa, na ninalisha mara sita kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mtoto wangu wa kike ndiye mwenye zamu ya saa tano na saa saba, naye hagongi ubao, anawaita kwa jina.

Katika kutenga nilihesabu vifaranga 2,640 waliobaki. Leo nimepima 100 wa kundi la kati: gramu 85. Nimerudia jaribio la bakuli jeupe na vifaranga kumi na wawili. Kumi walikifuata chakula mara moja na hakuna aliyekitema. Wawili walisita, kisha wakala.

Linanisumbua kundi la wadogo, ambao ni kama 200. Wanakula, lakini hawaongezeki. Je, niwape muda zaidi?

Fundi wa Katonga

Nimefurahi kusoma hesabu hizo, hasa hiyo ya bakuli. Sasa piga hesabu upya: 2,640 mara gramu 0.85 ni takribani gramu 2,240, na kwa ukubwa wanaoukaribia shusha hadi asilimia 10, yaani gramu 224 kwa siku. Pima kila wiki na ubadilishe, kwa kuwa kiasi cha wiki iliyopita hakiwatoshi wa wiki hii.

Wale 200 wape wiki mbili katika kizimba chao peke yao, wasioneane na wakubwa. Watakaochangamka warudishe katika kundi la kati. Watakaobaki vilevile wameshadumaa, na kila gramu unayowapa haitarudi. Watoe, usiwarudishe bwawani wala usiwamwage mtoni. Na hapo niombe jambo moja kwa ajili ya ziwa letu: weka neti yenye matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, kwa kuwa Tanganyika ina ngege wake, jamaa wa sato, asiyepatikana kiasili mahali pengine duniani, na sato wa kununuliwa akipenya hadi Malagarasi hatuwezi kumrudisha.

Mfugaji wa Ilagala

Neti ya bomba nimeifunga jioni hii, matundu yake hayapitishi hata punje ya mchele. Kizimba cha wadogo nitakisimamisha kesho upande wa mashariki, ambako jua hufika mapema.